Konstantino ndo alianzisha kanisa? Tujadili kwa ushahidi

Fundi Mwashi
Wakuu habari za leo. Kuna jambo limenikaa rohoni muda. Kila ukizuka ubishi wa dini, iwe kijiweni, kwenye daladala au hata msibani watu wakisubiri maiti ifike, lazima atokee mmoja aseme kanisa lilianzishwa na Kaisari wa Roma, Konstantino, kwenye mkutano wa maaskofu pale Nisea mwaka 325, kwamba kabla ya hapo palikuwa na Wayahudi wachache wanaomfuata Yesu halafu mfalme mpagani akaja kutunga dini yake. Na watu wanaitikia. Mi nasema huo ni uongo na sababu ninazo.

Mwaka 112 hivi, yani miaka 200 kabla ya Konstantino, kulikuwa na gavana wa Kirumi anaitwa Pliny, anatawala Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Alimwandikia Kaisari Trajan barua ya kuomba muongozo na barua ipo mpaka leo. Anasema habari ya hawa watu imeenea mijini mpaka vijijini, mahekalu yalikuwa yamebaki karibu matupu, nyama ya sadaka za miungu ilikuwa haipati mnunuzi. Akawahoji waliokuwa wameacha Ukristo, kosa lenu lilikuwa nini hasa? Wakamwambia tulikuwa tunakutana siku maalumu kabla hapajapambazuka, tunamwimbia Kristo kama Mungu kwa kupokezana, tunaapa kutoiba, kutozini, kutokukana amana ya mtu, tunaachana, baadaye tunakutana tena kula chakula cha kawaida. Hakuridhika. Akawachukua wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kundi hilo akawatesa ili waitoe siri. Siri hakuipata.

Sasa hao walikuwa kanisa la nani? Konstantino hajazaliwa, babu yake hajazaliwa. Karibuni, ila tuje na ushahidi, tusiwe kama hawa wa siku hizi wanaouziwa mafuta na maji ya chupa huku wakiambiwa ndo kanisa la mitume.

Mlokole wa Kitunda
Mkuu ulianza vizuri mwisho ukaharibu. Mafuta yamekukosea nini? Yakobo 5:14 inasema wazi, mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Matendo 19:12 leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Hayo ndo yalikuwa kanisa la kwanza, nguvu za Mungu, sio barua za magavana. Nyie mliosoma sana mnapenda kutudharau tuliookoka.

Fundi Mwashi
Sijawadharau waliookoka, nimesema WANAOUZIWA. Yakobo hakuandika bei.

Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanzisha mada ameuliza kanisa la nani, na jibu liko wazi tangu zamani. Mathayo 16:18, "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu." Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, mnamo mwaka 180 aliandika orodha ya maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine kuanzia Lino aliyepokea uaskofu kwa mitume, kisha Anakleto, kisha Klementi, hadi Eleuteri wa wakati wake. Orodha hiyo iliandikwa Konstantino akiwa bado miaka mingi kuzaliwa. Na huyo Klementi, karibu mwaka 96, kanisa lake la Roma liliwaandikia Wakorinto waliokuwa wamewaondoa wazee wao, likawaonya warudi kwenye utaratibu. Kwa hiyo kanisa lilikuwepo, uongozi ulikuwepo, na Roma ilikuwa na sauti.

Siku ya Saba
Shikamoo mzee. Umeongea yote ila umeruka palipo na moto. Nani aliwapa Jumapili? Konstantino kule Nisea ndo aliibadilisha Sabato ya Bwana akaweka siku ya jua, hilo hata kwenye historia yao wenyewe lipo. Kanisa la mitume lilitunza Sabato, Paulo kila sabato yuko kwenye sinagogi. Kwaiyo kama mnasema Konstantino hakuanzisha kanisa, sawa, lakini hili mlilonalo nyie na siku yenu ni la kwake.

Mwalimu wa Zamu
@Siku ya Saba hapo umechanganya vitu viwili. Nisea 325 walipanga Pasaka iadhimishweje kwa pamoja, sio Sabato. Sheria ya Jumapili ni nyingine, Machi 321, miaka minne kabla, na iliwaamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wa karakana wapumzike siku tukufu ya jua, lakini wakulima wakaruhusiwa kuendelea na mashamba yao. Ni sheria ya mapumziko ya serikali. Swali ni Wakristo walikuwa wanakusanyika lini kabla ya hapo. Ignasio, askofu wa Antiokia, kama mwaka 110 hivi akiwa amefungwa minyororo anapelekwa Roma kuliwa na wanyama, anawaandikia Wamagnesia kuhusu watu ambao hawaishi tena kwa kushika sabato bali kwa siku ya Bwana. Yustino Mfiadini katikati ya miaka ya 150 anamwandikia Kaisari kabisa anamweleza: siku iitwayo ya jua, wote wa mijini na vijijini tunakusanyika mahali pamoja. Konstantino alikuta watu wameshakusanyika.

Siku ya Saba
Ignasio sio Biblia. Yustino sio Biblia. Nipe andiko moja tu Yesu anasema pumzikeni Jumapili. Mathayo 24:20 anawaambia waombe kukimbia kwao kusiwe siku ya sabato, na hapo anaongelea mambo ya Yerusalemu mwaka 70, miaka 40 baada ya msalaba, maana yake alijua watakuwa bado wanaishika. Nijibuni hilo.

Halafu kuna mkutano wa Laodikia, miaka ya 360 hivi, ukaweka kanuni ya 29 kukataza Wakristo kupumzika siku ya sabato. Kama sabato ilikufa na mitume, hao walikuwa wanamkataza nani?

Fundi Mwashi
Hiyo ya Laodikia ni nondo, siikatai. Walikuwepo wengi walioshika zote mbili, na ndugu zetu wa Ethiopia mpaka leo wanaiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Ila ona ulivyojijibu mwenyewe mkuu. Kama miaka ya 360 bado watu wanaishika sabato na inabidi wakatazwe, basi Konstantino aliyekufa 337 hakuifuta.

Siku ya Saba
Hajajibu Mathayo 24:20.

Mama Neema
Jamani mi sio msomi, nawasoma tu tangu asubuhi. Mwalimu, huyo Yustino hapo kwenye ibada ya Jumapili, nimewahi kusikia fundisho kwamba anaongelea na sadaka ilikuwa inaenda wapi. Hebu tuwekee.

Mwalimu wa Zamu
Sawa mama. Ni sura ya 67 ya Utetezi wake wa kwanza. Naweka kwa ufupi kwa maneno yangu: wanasoma kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, msomaji akimaliza msimamizi anawahimiza, wote wanasimama kuomba, unaletwa mkate na divai na maji, msimamizi anashukuru na watu wanasema Amina. Kila aliyepo anapata, ambao hawapo wanapelekewa na mashemasi. Halafu wenye uwezo na wanaotaka, kila mtu kwa hiari yake, wanatoa, na kinachokusanywa kinawekwa kwa msimamizi naye anawasaidia yatima na wajane, walioishiwa kwa ugonjwa au sababu nyingine, walio vifungoni na wageni waliofika. Ndo ibada nzima hiyo.

Mama Neema
Asante mwanangu. Yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa, wageni. Sijasikia gari la mtumishi hapo.

Niseme ukweli maana limenikaa. Nilikuwa natoa fungu la kumi kila mwisho wa mwezi sehemu moja sitaitaja, na biashara yangu ya mboga unaijua ilivyo, leo mchicha umenyauka kesho mvua imeharibu. Mume wangu akaugua akalazwa, nikapiga simu kwa viongozi tena na tena, naambiwa mama panda mbegu Mungu afungue mlango. Mbegu ya nini wakati nadaiwa dawa! Waliokuja wodini ni majirani, mmoja Muislamu, alikuja na chupa ya uji. Sasa nikisikia huko mwanzo mashemasi walikuwa wanabeba mkate kwenda kwa ambaye hajafika, nakaa najiuliza hili nililokuwa mimi lilianzishwa na nani. Hilo ndo swali langu, huyo Konstantino sina shida naye.

Mlokole wa Kitunda
Pole sana mama, Mungu akutie nguvu. Ila usihukumu watumishi wote kwa mmoja aliyekukwaza. Kanisa la kwanza walitoa ZAIDI ya fungu la kumi, Matendo 4 waliuza mashamba na nyumba wakaweka miguuni pa mitume. Anania na Safira walificha wakafa. Paulo 1 Wakorinto 9:14, Bwana ameamuru waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Mtumishi lazima ale.

Fundi Mwashi
Endelea kusoma sura hiyohiyo mkuu usiishie mstari wa 14! Mstari wa 15 Paulo anasema "lakini mimi sikutumia hata moja katika mambo haya". Paulo alikuwa anashona mahema pale Korinto nyumbani kwa Akila na Prisila, Matendo 18:3. Na Anania Petro alimwambia kilipokuwa kwako hakikuwa mali yako? Yani hukulazimishwa. Alikufa kwa kudanganya, hakufa kwa kutotoa.

Mwalimu wa Zamu
Na mkitaka kujua walivyowapima watumishi, kuna kitabu kidogo kinaitwa Didake, Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kilikuwa kimepotea, askofu mmoja Mgiriki, Bryennios, akakikuta Konstantinopoli 1873 ndani ya maktaba na kukichapisha 1883. Sura ya 11 inasema mtume akija mpokeeni kama Bwana, akae siku moja, ikibidi na ya pili, akikaa tatu huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka asichukue kitu ila mkate wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Na yeyote atakayesema katika roho nipe fedha au kitu kingine msimsikilize, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wengine wenye shida.

Mama Neema
Ee Mungu wangu. Kwa hiyo haya waliyaona mapema hivyo.

Mlokole wa Kitunda
Hicho kitabu hakimo kwenye Biblia. Msabato amekataa Ignasio mkanyamaza, mimi nikikataa Didake mtaniita mjinga. Kama Roho Mtakatifu angetaka tukisome asingekiacha kipotee mpaka 1873.

Katekista Mstaafu
Ndugu Mlokole, leo naomba nikusaidie japo hatusali pamoja. Mwalimu amesoma sura ya 11 akaacha ya 13. Sura ya 13 inasema nabii wa kweli anayetaka kukaa kwenu anastahili chakula chake, na muwape manabii malimbuko ya divai na nafaka, ng'ombe na kondoo, kwa maana wao ndio makuhani wenu wakuu. Na ikiwa hamna nabii, wapeni maskini. Tukisoma tusome yote. Aliyetulia na watu wake anatunzwa, anayepita akichangisha ndiye anayefukuzwa.

Mlokole wa Kitunda
Asante mzee wangu, umesema kweli tupu. Wananisikia hao?

Fundi Mwashi
Dakika tano zilizopita kitabu hakimo kwenye Biblia, sasa hivi kimekuwa kweli tupu.

Shabaka
Mnabishana kuhusu ubao wa meza ya mtu mwingine. Hii dini tumeletewa, mmisionari Krapf katua Mombasa 1844, nyuma yake wakaja wenye bunduki na mipaka. Pliny Mrumi, Yustino kafia Roma, Ireneo Ufaransa, Konstantino mzungu. Mwafrika yuko wapi kwenye hadithi yenu yote? Mababu walikuwa na Mungu wao kabla ya haya mashairi.

Binti Ujiji
Kaka Shabaka, nilikuwa nimekaa kimya ila hapo sinyamazi. Usiwafute watu waliokufa ili ushinde ubishi.

Tarehe 17 Julai 180, Karthago, Tunisia ya leo. Watu 12 kutoka kijiji cha Scillium wamesimama mbele ya gavana Saturninus, wanaume 7 wanawake 5, wana majina kama Nartzalus na Donata, sio mabwana wakubwa. Maandishi ya kesi yao yapo, ndo maandishi ya zamani kabisa ya Kikristo kwa Kilatini tuliyonayo, yametoka AFRIKA, sio Roma. Gavana anamuuliza msemaji wao Sperato, mna nini kwenye hilo sanduku lenu? Anajibu, vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Anawapa siku 30 wakafikirie, hakuna anayetaka. Wakasema shukrani kwa Mungu wakakatwa vichwa siku hiyohiyo.

Miaka 23 baadaye, mjini hapohapo, Perpetua ana miaka 22 na mtoto wa kunyonya, Felista ni mtumwa mjamzito, kajifungulia gerezani siku chache kabla hawajatupwa kwa wanyama. Perpetua kaandika mwenyewe habari za gerezani, baba yake anakuja kumsihi akiwa analia. Hao unawaita wazungu?

Shabaka
Dada Afrika Kaskazini ilikuwa koloni la Kirumi, Perpetua ni binti wa familia ya kitajiri yenye jina la Kirumi. Nimeuliza Mwafrika mweusi, unanipa Karthago.

Binti Ujiji
Sawa, shuka kusini. Matendo 8, afisa wa hazina wa Kandake malkia wa Waethiopia, yani Kushi, Sudan ya leo, anabatizwa njiani Gaza kabla Paulo hajaokoka, kabla Petro hajaingia nyumba ya Kornelio. Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, mfalme Ezana karne ya nne, sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, alama za miungu ya zamani, za baadaye zina msalaba. Hakutawaliwa na Roma huyo. Frumensio aliyekuwa kwenye jumba lao la kifalme alikwenda Aleksandria kuomba wapewe askofu, askofu wa huko, Atanasio, akamwekea mikono yeye mwenyewe arudi. Nubia, kaskazini mwa Sudan ya leo, ikapokea karne ya sita ikakaa na falme za Kikristo karibu miaka elfu. Ukitaka macho, wanaakiolojia wa Poland walichimba kanisa kuu la Faras miaka ya 1960 kabla maji ya bwawa la Aswan hayajalimeza, michoro ya ukutani iko Khartoum na Warsaw. Kuna picha ya askofu Petros, amechorwa mweusi kabisa, kavaa mavazi ya kiaskofu, nyuma yake mtume Petro kamwekea mikono mabegani. Kutoka picha hiyo, Krapf ana miaka zaidi ya 800 ya kusubiri.

Shabaka
Na huyo mtume nyuma yake kachorwa rangi gani?

Binti Ujiji
Rangi ya ngozi nyeupe, kwa sababu ni Myahudi wa Galilaya, sio Mnubi. Na Wanubi walioichora hawakuona aibu kumchora wao askofu wao mweusi. Aibu unayo wewe.

Shabaka
Aibu gani tena, mbona unapanda juu? Nimeuliza swali. Mweupe anasimama nyuma anamshika mweusi mabega, na wewe unaniletea kama ushahidi wa uhuru. Tafakari.

Katekista Mstaafu
Wanangu, taratibu. Binti umeongea vizuri, usiharibu kwa hasira. Na wewe kijana, mtu akifa kwa imani yake usiseme ni ya kuazima.

Ustaadh Kilwa
Asalaam aleykum na amani kwa wote. Kwa heshima, mnazunguka mbali na mada. Konstantino anatajwa kwa sababu moja, pale Nisea maaskofu 300 walipiga kura Yesu awe Mungu, wakachagua injili nne, nyingine wakazichoma. Hilo ndo watu wanamaanisha wanaposema dini imetungwa pale. Padri mmoja, Ario wa Aleksandria, alikataa akafukuzwa.

Mwalimu wa Zamu
Wa aleykum salaam ustaadh, karibu. Nisea walitoa kanuni 20, zipo zote, hakuna hata moja inayosema habari ya vitabu vya Biblia. Vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua vinaonekana vyote pamoja kwenye barua ya Pasaka ya Atanasio mwaka 367, miaka 42 baadaye, Konstantino yuko kaburini. Injili nne Ireneo alishazitetea mwaka 180 kwamba ni nne sio zaidi. Kilichochomwa kwa amri ya Konstantino ni maandishi ya Ario. Na ugomvi wa Ario haukuwa kama Yesu ni mtu tu. Ario alisema Mwana alikuwepo kabla ya ulimwengu na ulimwengu uliumbwa kwa yeye, ila naye ameumbwa, kulikuwa na wakati hakuwepo. Mwisho maaskofu wawili wa Libya, Sekundo na Theona, ndo walikataa kabisa kutia saini wakafukuzwa pamoja naye.

Na kitu ambacho watu hawakisemi, Konstantino alibatizwa akiwa anakaribia kufa 337, na aliyembatiza ni askofu Eusebius wa Nikomedia, mtu wa upande wa Ario! Mwanae Konstansio akaja kuwasumbua watu wa Nisea miaka na miaka, Atanasio alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano. Kama imani ya Nisea ni mali ya ikulu, mbona ikulu ilipigana nayo? Imani ya Nisea kufanywa dini ya dola ni Kaisari Theodosio mwaka 380.

Ustaadh Kilwa
Nimekuelewa kwenye vitabu, hilo nitalifuatilia. Ila umekubali mwenyewe mfalme aliitisha mkutano, mfalme akachoma vitabu, mfalme akafukuza watu. Mitume wa Isa hawakuwa na mfalme. Hapo ndo pana shida na hamtaki kuigusa.

Fundi Mwashi
Hapo ustaadh sikupingi hata kidogo. Kanisa lililoteswa na dola likaja kushika fimbo ya dola, na hilo lilituumiza. Ila kulikabidhi kanisa kwa mfalme na mfalme kulianzisha ni vitu viwili. Mwaka 112 wanamwimbia Kristo kama Mungu, nani alipiga kura Bithinia?

Ustaadh Kilwa
Barua ya gavana mpagani ndo dalili ya itikadi? Alisikia kwa watu walioacha na kwa watumwa aliowatesa.

Siku ya Saba
Mzee Katekista ulisema Petro mwamba. Petro Roma yuko wapi kwenye Biblia? Paulo anawaandikia Warumi, sura ya 16 anawasalimia watu zaidi ya 20 kwa majina, Prisila na Akila, Yunia, Rufo na mama yake, na Fibi anamtambulisha, Petro hayumo! Papa hayumo ofisini? Na mkutano wa Yerusalemu Matendo 15 aliyetoa uamuzi ni Yakobo ndugu yake Bwana, Petro alisimama akachangia kama wengine. Wagalatia 2 Paulo anamkabili Petro Antiokia mbele ya wote kwa sababu ya unafiki wa mezani.

Katekista Mstaafu
Kijana, kutokuwepo kwenye salamu si kutokuwepo duniani. 1 Petro 5:13 anasalimu kutoka "Babeli", na Wakristo wa kale wakaelewa ni Roma. Mwaka 200 hivi mwandishi Gayo wa Roma anasema anaweza kuonyesha majengo ya ukumbusho wa mitume, moja Vatikani na jingine njia ya kwenda Ostia. Walipochimba chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro miaka ya 1940 wakakuta kijengo cha kale palepale. Na Paulo kumkemea Petro, mbona anajisifia kumkemea kama Petro hakuwa mtu mkubwa? Mtu hajisifu kwa kumkemea bawabu. Nimefundisha ekaristi na kipaimara vijana wengi kuliko umri wako, usiniletee "Papa hayumo ofisini".

Siku ya Saba
Samahani kwa lugha mzee. Hoja inabaki.

Mama Neema
Wanangu mmeenda Roma mmerudi, mmeenda Nubia mmerudi. Mlokole alisema Matendo 4. Nimeisoma tena usiku na nikaendelea mpaka Matendo 6, ambayo watu hawahubiri. Kanisa lina muda mfupi tu tangu Pentekoste, tayari wajane wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, watu wananung'unika. Mitume hawakuwaambia wajane wapande mbegu. Waliita mkutano wote, wakachaguliwa watu saba wenye kushuhudiwa wema, na ukiangalia majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ya Kiyunani. Yani walioonewa ndo wakapewa kusimamia chakula.

Mwalimu wa Zamu
Mama umefundisha hapo. Na waliendelea kuweka hesabu. Mwaka 251 Kornelio askofu wa Roma anaandika barua kwa askofu wa Antiokia, Eusebius wa Kaisaria, mwanahistoria, sio yule wa Nikomedia, ameihifadhi kwenye historia yake, anataja walioko kwenye kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, wasaidizi wa altare 42, wapunga pepo, wasomaji na walinzi wa milango jumla 52, na wajane na wenye shida zaidi ya 1,500, wote wanalishwa. Na serikali ilikuwa imetoka kumuua askofu aliyemtangulia, Fabiano, Januari 250. Halafu hawana majengo ya maana, wanakutania majumbani. Lile la Dura-Europos, Syria, ni nyumba ya kawaida iliyovunjwa ukuta wa ndani na kuwekewa kisima cha kubatizia.

Mlokole wa Kitunda
Mama yangu, kwetu tunasaidia wengi, hatutangazi. Mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Kama una uchungu njoo inboksi nikuunganishe na mtumishi wa kweli, hapa watu wanadhihaki tu.

Mama Neema
Inboksi siji baba, nimeshakaa ofisini za watu na milango imefungwa. Kornelio yuko chini ya serikali inayoua maaskofu na ameandika idadi ya wajane wake kwenye barua ikapita baharini. Kwenu mnao wangapi?